Mwanangu Said, kuhusu ile DNA nliyotoa

Mwanangu Said, assalaam aleikum.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiza mara tatu, ya kwanza nilikua Kongowea kelele za soko tupu sikushika vizuri, nikaisikiza tena nyumbani, alafu tena baada ya sala ya alfajiri nikiwa nimetulia. Waniuliza nimeenda kutoa DNA ya nini. Mjomba Athumani miaka kumi na tisa sasa, sote twajua ashakufa, na hiyo mifupa yenyewe polisi wasema huenda si yake, sasa mamako nimepanda matatu na magoti haya mpaka huko nikasuguliwa pamba mdomoni ili iweje. Najua hukuuliza kwa ubaya, hupendi kusikia nalia. Lakini umeniuliza na mie ntakujibu.

Weye ulikua mdogo ukaambiwa tu mjomba amesafiri. Ni hivi, 2006 alitoka na wenzake wawili kwenda kuchoma makaa huko bara kupita Mackinnon Road, pale penye msikiti wa Seyyid Baghali ambapo madereva husimama kuomba dua, wao wakaingia ndani zaidi porini. Wale wawili walirudi. Wakasema siku moja Athumani alishika njia kwenda kutafuta maji na hakurudi, wakamtafuta siku mbili wakaogopa wakaondoka. Babu yako akaenda kuripoti, ikaandikwa kwa OB, kile kitabu cha polisi cha matukio, mwaka wa pili alipoenda kuuliza hata kile kitabu hakikuonekana. Hapo ndipo mambo yalipofia, maana hakuna popote serikalini palipokua na karatasi ya kusema kuna mtu atafutwa upande ule.

Sasa ukame huu wachungaji walipeleka ng'ombe mbali kuliko kawaida wakakuta fuvu chini ya mgunga, na mfupa wa paja, na mkono mmoja, vingine fisi walishavivuta zamani. Na kipande cha akala, kile kiatu cha tairi. Mzee mmoja wa kijiji akakumbuka kulikua na kijana wa Mombasa wa makaa alipotea, maneno yakatembea mtu kwa mtu mpaka yakanifikia mimi huku Majengo. Ile akala nlipooneshwa nikataka kusema ndio ni yake, lakini akala ni akala Said, nusu ya wanaume wa kule wavaa hizo hizo.

Yule daktari wa maiti ni kijana wa umri wako, alinikalisha akanieleza polepole. Mfupa wa nyonga ungemwambia ni mwanamume au mwanamke mara moja lakini haukupatikana, kwa hivyo alitumia fuvu, na fuvu si la uhakika vile. Paja lapimwa urefu ndio wajue mtu alikua mrefu kiasi gani. Mtulinga, huu mfupa wa hapa chini ya shingo, upande wa kifuani huwa haujashikana sawasawa mpaka mtu akaribie miaka thelathini, ungesaidia umri, nao pia haukuweko. Alafu akanionesha mkono, akasema huu ulivunjika mtu akiwa mtoto ukaunga kombo. Said, nlishika meza. Athumani alianguka juu ya mwembe tukiwa wadogo, mzee wa mtaa akamfunga kwa vijiti na majani, ukapona lakini haukunyooka tena na sote tulikua twaujua ule mkono. Yule kijana akanitazama akaniambia mama, watoto wengi huanguka juu ya miti, siwezi kukupa mtu ukazike kwa sababu ya mkono. Sikumchukia kwa maneno hayo, nlimheshimu, maana angetaka tu kumaliza kazi angenipa gunia niende nalo.

Alama za vidole mjomba alikua nazo, alichukua kitambulisho akapakwa wino vidole vyote kumi, lakini ngozi haikai miaka yote hiyo juani. Meno nayo hulinganishwa na picha za daktari wa meno, na Athumani maisha yake hakupigwa eksirei hata moja. Imebaki DNA. Nayo jua na mvua zaiharibu, kwa hivyo huitafuta kwenye meno na kwenye kile kipande kigumu sana cha fuvu kilichoshika sikio la ndani, ndicho huhifadhi kuliko mingine. Na hata wakiipata yote kamili kabisa, ile mashine haitoi jina. Yasubiri mtu aliye hai aje na yake wapate kulinganisha, na mtu huyo asipokuja sanduku larudi kwenye rafu.

Hili ndilo nlotaka ulielewe. Si unaikumbuka Shakahola, ule msitu wa wafuasi wa mhubiri waliofunga kula mpaka kufa, hapa hapa kwetu nyuma ya Malindi, 2023 tulikua twaangalia habari kila usiku tukisema lahaula. Waliofukuliwa walizidi mia nne, 429. Mwezi wa tatu 2024 walipoanza kurudishiwa jamaa, waliokua wamejulikana kwa DNA walikua 34. Thelathini na nne! Mimi nlidhani ni uzembe tu, na kweli ilisemwa hata dawa za maabara zilipungua, lakini kubwa ni kwamba kuna nyumba ziliingia mle msituni baba mama na watoto wote, hakuna aliyebaki nje wa kusuguliwa pamba. Na wengine jamaa wako lakini hawakujitokeza, pengine aibu, pengine wasema kama weye, itatusaidia nini. Wale watoto hawana alama za vidole popote, kitambulisho si mpaka miaka 18. Huo mwili utajulikana na nani?

Ile video ulonitumia ya Marekani niliiona, yule dada alokutwa mtaroni Ohio 1981 na koti la ngozi lenye matamvua, akapata jina lake 2018, miaka 37, kwa sababu wale wa kujitolea wa DNA Doe Project walimpata kupitia binamu aliyekua amejipima ukoo wake. Kazi nzuri, Mungu awalipe. Lakini zile hifadhi za DNA za ukoo zimejaa watu wa asili ya Ulaya, wewe na mie hatumo, binamu zetu hawamo. Athumani hatapatikana kwa njia hiyo. Atapatikana nikienda mimi.

Na hapa ndipo panaponiuma. DNA ya mama mzazi au ya mtoto ndiyo yenye nguvu zaidi, ndugu ni baada yao. Athumani hakuzaa. Nyanyako alikua hai mpaka 2019, miaka kumi na tatu alikaa na mlango wa nyuma hataki ufungwe kwa komeo, na hakuna mtu aliyemwambia mama hebu fungua mdomo kidogo tuchukue tuweke. Mimi pia sikujua. Ningelijua ningelimbeba mgongoni.

Ati twajua ashakufa. Bi Mwanaisha mkewe ajua? Sheria ya Kenya mtu asiposikika miaka 7 na wanaofaa kumsikia huchukuliwa amekufa, wakili mmoja alimwambia hivyo, naye akajibu hatakaa eda kwa hesabu ya kalenda. Mpaka leo nguo zake ziko kwenye sanduku. Na dini yetu yenyewe haikudharau kipande cha mtu, nlimuuliza ustadh akanisimulia habari ambayo imamu Shafii aliitaja, baada ya vita vya Ngamia ndege aliangusha mkono wa mtu Makka, watu wakautambua kwa pete yake kuwa ni wa Abdurrahman bin Attab, wakauswalia. Mkono tu. Basi mie kwa fuvu na paja nsisumbuke? Nataka aoshwe kinachooshwa, atiwe sanda, alazwe kwenye mwanandani akielekea kibla, hitima isomwe kwa jina lake. Na ikiwa si yeye, basi ni kaka wa mwanamke mwengine, na DNA yangu itakua imesaidia kumtoa Athumani pale ili wamtafute mwenyewe.

Walisema miezi, labda zaidi, sampuli zaenda Nairobi. Jambo jengine ambalo sikukwambia kwa simu, yule kijana alinieleza kuna DNA ambayo mama huwapa watoto wake wote wa kike na wa kiume, kwa hivyo ile nyanyako alompa Athumani alinipa na mimi, nami nimekupa weye. Akauliza kama mie sipo ni nani wampigie. Nimewaandikia namba yako ya Doha na majina yako yote matatu. Ukibadilisha laini niambie siku hiyo hiyo nikawape mpya.

Mamako