Kabla Injini Haijafunguliwa, Dai Ipimwe Kompresheni

Gari yangu ilichemka mara moja tu, nikipanda mlima wa Kitonga na mizigo ya msiba kuelekea Iringa. Mshale wa joto ulipanda, nami nikajipa moyo kwamba nitafika juu kwanza ndipo nisimame. Nilifika. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka, ikabadilishwa, maji yakajazwa, safari ikaendelea. Wiki tatu baadaye injini ikaanza kula oili, lita nzima kwa kilomita 600 hivi, na kila nikikanyaga mafuta kulipita lori, nyuma kunafuka moshi wa bluu.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema, "Kaka, hizo ni sili za valvu," yaani vizuizi vya oili kwenye shina la valvu. Tukabadilisha, moshi ukabaki uleule. Wa pili akasema ni ringi, zile pete zinazozunguka pistoni. Akafungua, akachomoa pistoni, akaweka ringi mpya, akafunga siku hiyohiyo bila kupima kitu. Gari ikatulia kwa mwezi mmoja, kisha ikaanza kugonga na moshi ukarudi mzito kuliko mwanzo.

Moshi wenyewe ulikuwa umeshasema, ila sikujua kuusoma. Sili za valvu zikichoka, moshi hutoka zaidi unapowasha asubuhi halafu hukatika, au unaposhuka mlima umeachia mafuta kisha ukakanyaga tena. Wangu ulizidi kila injini ilipobebeshwa kazi, na hiyo ni dalili ya ringi na silinda. Kipo kipimo kingine cha bure: injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, fungua mfuniko wa kujazia oili. Ukiona moshi unasukumwa nje kwa mapigo, ujue hewa ya moto inapita kando ya pistoni na kushuka kwenye oili.

Fundi wa tatu, mtu mzima, hakugusa injini kabla ya kuleta geji ya kompresheni, kifaa kinachopima shinikizo ambalo pistoni hulijenga ndani ya silinda. Aliipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akakata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, akaniambia nikanyage mafuta hadi chini na kupiga stata mpaka mshale usimame. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisoma kati ya PSI (kipimo cha shinikizo) 155 na 165. Ya tatu ilisoma 95. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya 150 na 200, lakini la kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikipita asilimia 15 hivi, kuna jambo.

Kisha akadondosha kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, akapima tena. Mshale ukapanda hadi 135. Hapo ndipo nilipoelewa. Oili huziba kwa muda upenyo wa kando ya ringi, kwa hiyo namba ikipanda, tatizo liko kwenye ringi, pistoni au ukuta wa silinda. Isipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, yaani kiwiliwili chenye silinda. Kazi yote haikuzidi saa moja, na ingefanywa siku ya kwanza, nisingelipia sili zisizo na kosa.

Tulipofungua, aliniambia nipitishe ukucha ndani ya silinda kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo ukucha ukakwama kwenye ukingo. "Mwanangu, huyu aliyeweka ringi alipima tundu?" Silinda hulika zaidi pale juu ringi ya kwanza inapoishia, kwa sababu kuna joto, shinikizo la mlipuko na oili kidogo. Juu zaidi ya hapo ringi haifiki, ndiyo maana ukingo unabaki. Ringi mpya, ambayo kona zake bado ni kali, huugonga ukingo ule. Yangu ya juu ilikuwa imevunjika vipande viwili. Na upande mmoja wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo ya wima, alama ya siku ile ya Kitonga: pistoni ya aluminiamu hutanuka kuliko silinda ya chuma, utando wa oili ukakatika, zikasuguana kavu.

Akapima kwa geji ya tundu, juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, sambamba na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kuikingama. Juu palikuwa pametanuka kwa milimita 0.24 kuliko chini. Kwa tofauti hiyo ringi mpya hazisaidii, kwa kuwa kila pistoni ikipanda ringi inatanuka, ikishuka inabanwa.

Tukaamua kuchonga silinda zote nne na kuweka pistoni za 0.50, yaani zilizozidi kipenyo cha asili kwa nusu milimita. Nunua pistoni kwanza, upeleke pamoja na bloku, ili fundi wa mashine apime kila moja na kuichongea tundu lake. Ukichonga kwanza halafu ukanunua, nafasi inaweza kuwa kubwa mno au ndogo mno. Kama bloku yako ni ya aluminiamu, muulize kabla, maana zipo zenye kuta nyembamba zisizochongeka.

Bloku ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe la kusugulia ndani ya mistari midogo ambayo jiwe hilo huichora kwenye ukuta wa silinda, na unga huo utakula ringi mpya. Sisi tulipaka oili na kufuta kwa kitambaa cheupe, tena na tena, mpaka kikatoka safi.

Pamoja na hayo nilibadilisha kichujio cha hewa, ambacho kilikuwa kimechanika pembeni bila mimi kujua, na vumbi la barabara lilikuwa likiingia moja kwa moja. Oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 500. Wiki iliyopita nilipima kompresheni tena: silinda zote ziko kati ya 175 na 180.