Kubadili jina la faili ya kalenda si kuitafsiri

SWALI: Ofisini tulikuwa na kompyuta ya Windows XP yenye ratiba za vikao tangu 2006, zote faili za .vcs. Kabla hatujaiondoa, fundi mmoja alizibadilisha ziwe .ics ili zisomeke kwenye kompyuta mpya. Sasa baadhi zinagoma kufunguka, nyingine zimejaa "=0D=0A" katikati ya maelezo. Nifanyeje?

JIBU: Bado una bahati, maana kilichoguswa ni jina tu. Nakili folda nzima kwenye flashi kwanza, kisha ndiyo tuzungumze.

Karibu kila wiki naletewa kazi iliyoharibiwa na imani hii kwamba herufi tatu baada ya nukta ndizo faili yenyewe. Ukiandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, chai haitakusamehe. Faili za .vcs ni vCalendar, mfumo wa 1996; .ics ni iCalendar, uliotoka 1998 na kanuni zake tofauti. Fungua faili moja kwa Notepad. Mstari wa kwanza, BEGIN:VCALENDAR, usikudanganye, kwani mifumo yote miwili inao. Shuka hadi VERSION. Ikiwa ni 1.0, hiyo ni .vcs, aite fundi atakavyo. Hizo "=0D=0A" ni mwisho wa mstari ulioandikwa kwa usimbaji wa zamani; programu ikidhani inasoma .ics, inaziacha zilivyo.

Zinazogoma, iwekee Windows ionyeshe viendelezi vya faili, yaani herufi baada ya nukta, kwani kwa kawaida huvificha. Sitashangaa ukikuta kikao.ics ni kikao.ics.txt. Futa hiyo .txt ya mwisho wa jina, si faili yenyewe.

Zenye VERSION:1.0 zirudishie .vcs, uziingize kwenye Outlook 2007, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, kwa njia yake ya kuingiza kalenda, kisha uhifadhi kalenda kama .ics. Huo ndio ubadilishaji. Jaribu faili moja, uhesabu mistari ya BEGIN:VEVENT kwenye faili ya mwanzo (kila tukio huanza na mmoja) na matukio yaliyoingia. Yasipolingana, simama hapo. Na ukiona saa 060000Z (06:00) ndani ya faili usidhani kikao kimehamishwa: Z ni UTC, saa ya kimataifa, kwetu Afrika Mashariki ongeza 3, unapata saa tatu asubuhi.

Tovuti za "badilisha faili bure" ziache. Ratiba ya ofisi ina majina ya watu, namba za simu na mahali watakapokuwa. Unampa nani hayo yote?

Nao mafundi wa dakika mbili, jamani! Kuna mteja aliyeniletea .pst, faili ambamo Outlook huhifadhi barua na kalenda, iliyogoma. Fundi wake alikuwa ameiita .ics kwa sababu "zote ni kalenda", iliposhindikana akamuuzia programu ya kukarabati. Scanpst.exe, programu ya kukarabati .pst inayokuja na Outlook yenyewe, ilikuwa ndani ya kompyuta ile muda wote, na hakuna aliyeigusa.