Jibu: Dovecot mbili, NFS moja, barua zinajificha

Habari mkuu. Nimekuelewa: seva mbili za Dovecot (programu ya kuwasomea watu barua pepe zao) hapo ofisini Kariakoo zinasoma Maildir (folda ya barua) ileile kupitia NFS, yaani njia ya kutumia mafaili ya seva nyingine kwenye mtandao; barua inaonekana kwenye simu lakini kwenye kompyuta haipo, na logi inalia indeksi (orodha ya barua anayoiweka Dovecot) imeharibika.

Anza na saa. Andika `date` kwenye seva zote, hata ile inayohifadhi mafaili. Zikipishana hata kwa sekunde chache, washa NTP (huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao) kabla hujagusa kingine.

Barua zenyewe mara nyingi ziko salama. Kinachovurugika ni indeksi, maana kila seva inaamini kache yake, yaani nakala ya muda iliyoiweka. Kwenye mipangilio ya Dovecot weka `mmap_disable`, `mail_nfs_index` na `mail_nfs_storage` ziwe yes, na `mail_fsync` iwe always. Hizo zinapunguza makali tu. Dawa ni mtumiaji mmoja asomewe na seva moja kwa wakati mmoja. Kugawa watumiaji kwa IP (anwani ya mtandao) hakutoshi: mtu ana simu kwenye bando na laptop kwenye waifai, tayari yuko seva mbili! Tumia proksi ya Dovecot (seva ya mbele inayopokea watu na kuwaelekeza) inayogawa kwa jina la mtumiaji.

Na kwenye `fstab` (faili la kuunganisha NFS), kama umeweka `soft` (ikate tamaa seva isipojibu), toa, weka `hard` (isubiri mpaka ijibu). Kwa umeme wetu huu, swichi ikizimika katikati ya kuandika, `soft` inakuachia faili nusu.