Fundi Anajibu: Nijifunze Ufundi wa Harley?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Naishi Milwaukee, Marekani, nafanya kazi ghalani, na nimepata nafasi katika chuo cha ufundi wa pikipiki. Natamani kubobea kwenye Harley-Davidson, iliyozaliwa mji huu mwaka 1903. Msimamizi wangu ananicheka: eti waendeshaji wake wote wana mvi, kampuni itazikwa nao. Nisomee kitu kingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mvi hizo hakuzizua. Mwaka 2006 Harley ilipeleka sokoni pikipiki karibu 349,000; mwaka 2024 zilikuwa kama 150,000 tu. Mteja aliyenunua akiwa na miaka arobaini leo magoti yanamuuma, na Harley kubwa ya safari ina uzito wa kilo zaidi ya 350. Kijana naye bei inamshinda.

Lakini kampuni hii imewahi kuchungulia kaburi. Ilinunuliwa na kampuni nyingine ya Marekani, AMF, mwaka 1969, pikipiki zikaundwa kwa haraka, mafuta yakavuja, Wajapani wakaipita. Mwaka 1981 wakuu wake 13 walikopa pesa wakaikomboa. Mwaka 1983 Rais Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki kubwa za kigeni kwa miaka mitano. Mwaka 1987, muda haujaisha, Harley yenyewe ikaomba uondolewe. Habari hiyo hunifurahisha hadi leo, maana walijiokoa kwa kutengeneza pikipiki bora.

Safari hii spana peke yake haitoshi. Mwaka 2019 walileta LiveWire ya umeme: haina klachi, haina gia, haina ule mngurumo, na bei ilikaribia dola 30,000. Kijana hakuimudu, mzee hakuitaka. Kwangu mimi kosa halikuwa umeme, lilikuwa bei. Njia naiona India, ambako kampuni ya Hero inawaundia Harley pikipiki ya X440 tangu 2023: silinda moja, injini ya cc 440, iliyoanza kuuzwa rupia 229,000. Pikipiki ya kumlea mteja tangu ujana ndiyo hiyo, nao wameichelewa mno.

Wewe kasome Harley. Kiwanda kikipunguza uzalishaji, zilizokwisha kuuzwa haziyeyuki, na yule mwenye mvi hawezi tena kuinama kufungua injini mwenyewe. Mimi nilifundishwa Tanga na marehemu baba mdogo kwenye Honda CG125, injini ya vijiti vya kusukumia vali kama ya Harley. Wenzangu walikimbilia mitambo mipya. Ile CG ilinisomeshea watoto watatu.

Usiache somo la umeme, hata kama linakuchosha. Na kabla hujalipa ada, ingia karakana yao uulize kama wana injini ya Evolution, zile zilizoanza 1984, ya kufungua kwa mikono yako. Wakikuonyesha michoro tu, tafuta chuo kingine.