Kiharusi: damu inasema nini kuhusu kupona?

Baba alipata kiharusi juzi, upande wa kulia umelegea. Wamemtoa damu mara tatu. Majibu yatatuambia kama atapona? (Tanga)

Pole sana, dada. Vingi kati ya vipimo hivyo, kama sukari, figo na madini ya damu, ni vya kuwaonyesha madaktari cha kurekebisha leo. Vipo kweli vinavyohusiana na hatima ya mgonjwa. Kopeptini, kwa mfano, ni kipande cha protini kinachopanda mwili ukiwa kwenye msukosuko mkubwa. Watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha mwaka 2009 kwamba wagonjwa waliofika kopeptini ikiwa juu walikuwa katika hatari zaidi ya kufa au kubaki na ulemavu miezi 3 baadaye. Ila hiyo ni hesabu ya kundi. Kwa baba, umri na ukali wa kiharusi chenyewe vina uzito mkubwa zaidi.

Basi tutajuaje kama mkono utarudi?

Tazameni vidole. Watafiti wa Uholanzi waligundua kwamba mgonjwa aliyeweza, ndani ya saa 72, kunyoosha vidole hata kidogo na kuutenga mkono na ubavu, alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kuutumia tena kwa kiasi fulani baada ya miezi 6. Aliyeshindwa yote mawili alibaki na asilimia 25. Huyo wa pili naye asikatiwe tamaa, mazoezi yaanze.

Mama alifika na sukari 14 na hajawahi kuwa na kisukari. Mbona hawaishushi haraka? (Mombasa)

Kiharusi chenyewe hupandisha sukari, na walio na sukari ya juu huwa na hali mbaya zaidi. Hata hivyo utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2019 ulionyesha kuwa kuibana sana kwa dripu ya insulini hakukuongeza kupona, na wengine sukari ilishuka kupita kiasi. Ombeni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, kitaonyesha kama kisukari kilikuwepo kimya kimya.

Siku ya nne CRP ya mzee imepanda sana. Ndiyo dalili ya mwisho? (Morogoro)

Hapana, na hapa ndipo damu inaposaidia hasa. CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na uvimbe au maambukizi. Ikipanda hivyo, daktari atatafuta maambukizi, na kwa mgonjwa wa kiharusi anaanza na mapafu. Nimonia inaua wengi waliokwishavuka siku ya kwanza, na mara nyingi inaanzia kwenye chakula. Ndugu anamwonea huruma, anamnywesha uji akiwa amelala, uji unaingia njia ya hewa. Nawasihi, asipewe chochote mdomoni kabla muuguzi hajampima kumeza: anaketishwa wima, anapewa maji kwa kijiko. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, anasubiri.

Nilipie kipimo cha kutabiri kwenye maabara binafsi? (Nairobi)

Usilipe. Majibu yake hayatabadilisha dawa hata moja. Hela hiyo ipeleke kwenye mazoezi ya viungo na dawa za presha.