Una miaka 47 na mzazi ana dimensia: anza na presha na pakiti ya chumvi

Ndugu, umeuliza utajikinga vipi: mama ana dimensia, yaani ubongo kudhoofika hadi mtu kusahau na kushindwa kufikiri vizuri, nawe umejaribu kubadili mtindo wa maisha mara tatu ukaishia njiani. Usikate tamaa. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayorekebishika: presha, kisukari, sigara, lehemu mbaya (mafuta mabaya kwenye damu), usikivu hafifu na mengineyo. Kosa ni kuyavamia yote kwa wiki moja. Shika presha kwanza. Inachakaza mishipa midogo ya ubongo miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau, na inapimika nyumbani.

Nunua mashine inayofungwa juu ya kiwiko. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla, usiguse kahawa wala sigara. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, kwa siku 7, ukiacha dakika 1 kati ya vipimo. Vya siku ya kwanza vitupe, vilivyobaki piga wastani. Ukifika 135/85, nenda kliniki. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na wengi hutishika bure. Ukipewa dawa, presha ikishuka usiziache: imeshuka kwa sababu unazimeza.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Familia ya watu 5 ikimaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 20, imezidisha. Na kwa kuwa mkate na viungo vya dukani navyo vina chumvi, lenga pakiti idumu mwezi mzima. Andika tarehe kwenye pakiti siku unayoifungua. Punguza kidogo kidogo, ndimu na kitunguu saumu vikisaidia, maana ulimi unahitaji wiki kadhaa kuzoea.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuacha uongee lakini usiweze kuimba. Anayeanza kwa kukimbia huumia magoti, akaacha. Shuka daladala vituo viwili kabla ya kazini. Masika ndiyo huwaangusha wengi, kwa hiyo panga mapema la kufanya ndani: kuinuka kitini mara 10, mizunguko 3.

Na kama unaongeza sauti ya televisheni kila mwezi, kapime masikio. Pengine ni nta tu, ila usiichokonoe kwa pamba, utaisukuma ndani zaidi.