Uhame chuo au ubaki: jibu langu kwako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, wadogo zako hawajambo. Ujumbe wako niliusoma nilipotoka zamu ya usiku, nikausoma tena nilipoamka. Unauliza kama mwakani uhame hicho chuo kidogo cha Iowa uje hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa sababu kina kitivo cha udaktari, na kwa sababu ile C ya kemia ogania imekuvunja moyo. Mwisho kabisa, kwa mstari mmoja tu, ukasema huko huna mtu wa kuzungumza naye.

Nianze na hiyo C, maana naona ndiyo inayokusukuma. Ni kweli ukihama, chuo kipya kitakupigia GPA, yaani wastani wa maksi, upya. Lakini siku ya kuomba udaktari, AMCAS, ambako maombi ya vyuo vingi vya udaktari Marekani hupitia, watataka transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma, na maksi zote zitapigiwa wastani mmoja. Biolojia, kemia, fizikia na hisabati zina wastani wake wa peke yake. Hata ukilirudia somo, maksi za mara ya kwanza na za mara ya pili zote zinahesabiwa. Kwa hiyo C hiyo utahama nayo, mama. Kinachoweza kuifunika ni maksi nzuri zitakazofuata, na sioni kwa nini zipatikane kwa urahisi zaidi kwenye ukumbi wa mamia ya wanafunzi kuliko hapo ulipo, ambapo mwalimu anakujua kwa jina na mlango wake uko wazi.

Halafu hilo la kitivo. Kusoma shahada ya kwanza kwenye chuo chenye kitivo cha udaktari hakukupi nafasi ndani ya kitivo hicho. Vyuo vya udaktari vya serikali ya jimbo huwapendelea wakazi wa jimbo, na kwenu bado ni hapa Minnesota, hata kama unasomea Iowa. Wodini kwetu wapo madaktari vijana waliosoma vyuo ambavyo sijapata kuvisikia, na sijaona mgonjwa hata mmoja akiwauliza.

Kinachonisumbua zaidi ni kalenda. Sasa uko mwaka wa pili. Ukitaka kuingia udaktari moja kwa moja baada ya shahada, maombi unayatuma mwishoni mwa mwaka wa tatu, kuanzia Mei au Juni, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Kabla ya hapo uwe umefanya MCAT, mtihani wa kuombea udaktari wa takriban saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko, na ndani yake kuna baiokemia. Uwe pia na barua za walimu, na vyuo vingi vinataka angalau mbili ziwe za walimu wa sayansi. Ukihamia hapa Septemba, utakuwa na miezi tisa ya kujulikana na profesa asiyewahi kukuona, huku ukisoma fizikia, ukijiandaa kwa mtihani, na ukijifunza tu maabara iko jengo gani. Mwalimu anayeweza kuandika kwamba alikuona unaanguka na kuinuka ni huyo wa Iowa.

Fedha nitazisema kwa kifupi. Ufadhili uliopewa ulipoanza mwaka wa kwanza haukufuati, na wanaohamia mara nyingi huwekewa mafungu madogo. Baba yako na mimi tutahangaika inavyobidi, hilo lisikuamulie. Ila waombe wakuandikie gharama halisi kabla hujajibu ndiyo.

Kwa hayo yote, ningekuambia ubaki, na ningesema bila kusita. Lakini ule mstari wako wa mwisho hauniachi. Kama hulali, kama unakula peke yako chumbani kila siku, kama Jumamosi inapita hujasikia sauti ya mtu, hiyo ni sababu ya kuhama, na mbele yangu ina uzito kuliko kalenda na AMCAS. Huku kwetu una shangazi, una msikiti, una watoto mliokua pamoja. Usiifiche nyuma ya kemia kwa kudhani sisi tutaona ni sababu ndogo.

Ukiamua kuhama kwa hilo, basi uhame kwa utaratibu. Ogania ya pili imalizie hukohuko, kwa sababu vyuo havigawi somo hilo kwa namna moja, na nusu ya huku na nusu ya kule huleta mapengo. Peleka mihutasari ya masomo yako hapa mapema uone yapi yatakubaliwa. Omba barua kwa mwalimu wako wa biolojia kabla hujafunga begi. Na maombi ya udaktari uyasogeze mwaka mmoja mbele. Wengi hupumzika mwaka au miwili katikati, wakafanya kazi hospitalini, na hawapungukiwi kitu. Najua shangazi zako wa Tanga wataniuliza tena mbona hujaanza udaktari, maana kule mtoto hutoka kidato cha sita akaingia Muhimbili moja kwa moja, miaka mitano akamaliza. Hao niachie mimi.

Alhamisi sina zamu. Nipigie jioni, na kabla ya habari za kemia nataka uniambie unalala saa ngapi, na jana ulikula na nani.

Mama yako